Meza ya Karani: Bibi Mwenye Pete Tatu



Juma lililopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja alinijia ofisini akiwa ameficha kitu ndani ya kanga. Nilidhani ni cheti cha ubatizo kilicholiwa na panya, maana hiyo ndiyo shida inayoniletea watu wengi siku za Dominika. Kumbe ni kitabu. Alikiweka mezani kama mtu awekavyo nyoka aliyempiga, asiye na hakika kama amekufa kabisa.

“Mwalimu,” akasema (wengi bado huniita mwalimu kwa sababu ya chuo nilichopitia, ingawa chaki nimeiacha siku nyingi), “nimekikuta chini ya mto wa binti yangu. Anasema ni kitabu cha dini, amekiazima shuleni. Lakini hebu tazama jalada lake.”

Nikatazama. Palikuwa na msichana wa Kizungu mwenye gauni jeupe lililofungwa utepe juu kabisa, chini ya kifua. Nyuma yake bwana mrefu mwenye buti, na nyuma ya wote wawili nyumba yenye madirisha mengi kuliko seminari. Nikamwambia, “Niachie, mama. Nitakisoma, Dominika ijayo nitakujibu.” Nimekisoma kwa usiku nne, na mke wangu amenicheka usiku zote nne. Na kwa kuwa si mama huyo peke yake mwenye binti na mto, jibu langu naliandika hapa tulisome wote.

Kitabu hicho ni cha namna ya hadithi ambazo Waingereza na Wamarekani wanazipenda mno. Zote husimulia mambo ya Uingereza katika miaka ile ambayo Mfalme George wa Tatu alikuwa hai lakini akili zimempotea, na mwanawe wa kwanza akatawala badala yake. Utawala huo ulianza Februari 1811, ukaisha Januari 1820 mzee alipofariki. Ni miaka tisa tu! Lakini katika miaka hiyo tisa waandishi wameozesha mabwana wakubwa wengi kuliko waliopata kuzaliwa katika nchi ile tangu mwanzo wake.

Aliyefungua njia ni Jane Austen, binti wa mchungaji wa Kianglikana wa kijiji cha Steventon, katika mkoa wa Hampshire. Alizaliwa mwaka wa 1775, akafa mwaka wa 1817 bila kuolewa. Yeye hakuandika mambo ya kale, aliandika habari za majirani zake, watu aliokunywa nao chai. Kitabu chake kinachojulikana zaidi, “Pride and Prejudice”, kilitoka mwaka wa 1813. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwanamke mwingine wa Uingereza, Georgette Heyer, akazirudia nyakati zile katika hadithi zake. “Regency Buck” ilitoka mwaka wa 1935, na tangu hapo wanaomfuata hawahesabiki. Siku hizi wapo na waandishi Wakristo, hasa wa Marekani, wanaoandika hadithi hizo hizo bila mambo ya chumbani, na ndani yake watu husali, huanguka, hutubu. Mmoja wao ni Julie Klassen. Kitabu chake “Lady of Milkweed Manor” cha mwaka wa 2008 kinamsimulia binti wa mchungaji aliyepata mimba nje ya ndoa, akapelekwa kujificha katika nyumba ya kuwatunza wasichana wenye shida kama yake. Hilo si jambo la mchezo, na wazazi wanaolisoma gazeti hili wanajua kwamba si la Uingereza peke yake.

Kwa hiyo, mama, jibu la kwanza ni hili: binti yako hakukudanganya. Nyoka hakuwamo.

Lakini neno moja litamkanganya msomaji wa kwetu, nalo ni mahari. Sisi tumezoea upande wa kijana kwenda na ng'ombe au fedha kwa wazee wa binti. Kule kwa wenye mali mambo yalikuwa kinyume: binti ndiye aliyetakiwa kwenda na fedha kwa mumewe, na akishaolewa fedha yake ilikuwa ya mume. Sheria hiyo haikuondolewa kabisa mpaka mwaka wa 1882. Basi binti asiye na fungu alikuwa katika hatari ya kubaki nyumbani kwa kaka yake kama mzigo. Katika “Pride and Prejudice” baba ana mabinti watano, hana mtoto wa kiume, na shamba lote limefungwa kisheria limwendee ndugu wa kiume baada yake. Mama yao anahangaika kutafuta wakwe mpaka anachekesha. Nilimcheka katika sura ya kwanza, na nilipofika katikati ya kitabu niliacha kumcheka. Mwanamke huyo aliona njaa ikija, nasi tunasema ana kelele.

Kasoro za vitabu vya siku hizi ninazo, nami sizifichi. Bwana mkubwa huwa mlevi na mcheza kamari kwa kurasa 300, kisha anatubu katika kurasa 10 za mwisho, na toba yake haimgharimu hata farasi mmoja. Tena mali yao haina asili. Austen mwenyewe, katika “Mansfield Park” ya mwaka wa 1814, alikuwa na ujasiri wa kusema kwamba bwana wa nyumba ile kubwa ana mashamba Antigua. Kila Mwingereza wa wakati ule alijua maana yake: miwa, na watumwa wa kuikata. Biashara ya kuwavusha watumwa baharini Waingereza waliipiga marufuku mwaka wa 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni yao uliendelea, na sheria ya kuukomesha haikutoka mpaka mwaka wa 1833. Wengi wa waandishi wa leo huwavalisha watu wao hariri bila kumwuliza mwenye duka fedha ilitoka wapi.

Haya, sasa nifike panapohusu meza yangu.

Ninyi mnanijua kama mtu wa matangazo ya ndoa. Kila Dominika mnasikia majina yakisomwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wapo wanaoona ni desturi ya kupoteza wakati tu. Katika hadithi hizi za Uingereza, msomaji, matangazo hayo ndiyo bawaba ya mlango. Mwaka wa 1753 Bunge lao lilitunga sheria, ikaanza kutumika Machi 1754, kwamba ndoa haitakuwa halali mpaka itangazwe kanisani Dominika tatu, au wachumba wapate kibali cha askofu, na ifungwe mbele ya mchungaji wa Kianglikana na mashahidi wawili, na majina yaandikwe daftarini. Aliye chini ya miaka 21 asingepata kibali bila ruhusa ya baba, na hata kwa njia ya matangazo mzazi aliweza kusimama akapinga. Na aliyeghushi daftari la ndoa adhabu yake ilikuwa kifo. Niliposoma hilo nililitazama daftari langu kwa heshima mpya.

Kwa nini ukali huo? Kwa sababu kabla yake mtu aliweza kumwoa msichana chumbani mbele ya mchungaji fukara aliyelipwa fedha kidogo, na baada ya mwaka akakana. Msichana alibaki na neno lake dhidi ya neno la mwanamume. Sheria haikufika Uskoti, ndiyo maana katika hadithi hizi wapenzi wenye haraka hukimbilia kijiji cha Gretna Green, hatua chache ng'ambo ya mpaka, ambako maneno ya wawili mbele ya mashahidi yalitosha. Katika “Pride and Prejudice” Lydia, mdogo kati ya mabinti wale watano, anatoroka na askari akiwa na miaka 16. Kinachowatia wazazi hofu zaidi ni kusikia kwamba hawakuelekea Uskoti. Wanapatikana London, bila ndoa, bila karatasi. Yule kijana anakubali kumwoa baada ya mtu mwingine kumlipia madeni yake. Angalieni, wasomaji: hapo mwandishi hasemi neno la mapenzi hata moja.

Huyo Jane Austen aliijua karatasi tangu utotoni. Katika daftari la ndoa la parokia ya baba yake palikuwa na ukurasa wa mfano, wa kumwonyesha mchungaji namna ya kujaza. Jane, akiwa bado msichana, alichukua kalamu akaujaza: akajitangaza na bwana mmoja mwenye majina marefu wa London, akajioza kwa mwingine wa Liverpool, na mwisho akajiandikisha na mtu aitwaye Jack Smith tu. Wote ni wa kubuni. Daftari hilo lipo hata leo. Kama binti yangu angenifanyia hivyo ningemchapa, lakini ningemchapa polepole.

Sasa, je, Wakatoliki? Hapa ndipo hadithi nyingi hunyamaza. Unaweza kusoma vitabu 20 vya enzi ile usikutane na Mkatoliki hata mmoja, kama kwamba hawakuwapo. Walikuwapo. Sheria ile ya mwaka wa 1753 iliwaachilia Wayahudi na wale waitwao Wakweka wafunge ndoa kwa desturi zao, lakini Wakatoliki haikuwaachilia. Kama walitaka ndoa yao itambuliwe na serikali, ilibidi wasimame mbele ya mchungaji wa Kianglikana, mbali na ndoa yao mbele ya padre. Hali hiyo ilidumu mpaka sheria mpya ya mwaka wa 1836. Na habari ya mapenzi iliyo kubwa kuliko zote za wakati ule, ya kweli, iliyoandikwa katika makaratasi, ni ya mwanamke Mkatoliki. Nitawasimulia, maana ndiyo niliyotaka kuiandika tangu mwanzo.

Jina lake Maria Smythe, alizaliwa mwaka wa 1756 katika ukoo wa Wakatoliki wa zamani, akasomeshwa kwa watawa Ufaransa kwa kuwa nyumbani shule za Kikatoliki zilikatazwa. Mwaka wa 1775 aliolewa na Edward Weld, tajiri wa Lulworth aliyemzidi umri. Baada ya miezi mitatu bwana alianguka kutoka juu ya farasi, akafa. Alikuwa ameandika wosia mpya wa kumrithisha mkewe, lakini hakuwahi kuutia sahihi. Mali yote ikamwendea ndugu yake. Tazama kalamu inavyoweza kufanya! Mwaka wa 1778 Maria akaolewa tena, na Thomas Fitzherbert, Mkatoliki vilevile. Huyo naye akafa mwaka wa 1781, ila yeye wosia wake ulikuwa na sahihi. Basi akiwa na miaka 24 alikuwa mjane mara mbili, mwenye nyumba London na pauni 1,000 kila mwaka.

Mwaka wa 1784 alimwona yule mwana wa mfalme, George, ambaye baadaye atatawala badala ya baba yake katika miaka ile ya hadithi zetu. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita, mzuri wa sura, mwenye maneno matamu na madeni yasiyo na mwisho. Akamtaka awe hawara yake. Maria akakataa. Akamtaka tena. Akakataa tena. Siku moja ya Julai wajumbe wanne wakaja nyumbani kwake mbio: mwana wa mfalme amejichoma kisu, anakufa, anakuita. Maria hakukubali kwenda peke yake. Akaomba aje mama wa cheo wa kumsindikiza, ndipo akaenda. Akamkuta kijana ana damu nguoni, na hapo kitandani akatoa ahadi na pete akavikwa. Kesho yake akili zilipomrudia, alifunga mizigo akavuka bahari, akakaa Ufaransa na Uholanzi zaidi ya mwaka mmoja. Barua zikamfuata, nyingine kurasa makumi. Mimi nimesoma hadithi nyingi ambamo msichana hukimbia ili akimbizwe. Huyu alikimbia kweli.

Kwa nini aliogopa? Kwa sababu ya sheria mbili. Ya mwaka wa 1701 ilisema kwamba aliyefunga ndoa na Mkatoliki hawezi kurithi kiti cha ufalme. Ya mwaka wa 1772 ilisema kwamba mtu wa ukoo wa mfalme, aliye chini ya miaka 25, ndoa yake ni batili kama mfalme hakuikubali. George alikuwa na miaka 23, na baba yake asingekubali kamwe. Maria hakutaka kuwa hawara, na kuwa mke wa halali hakukuwezekana.

Mwisho akarudi. Tarehe 15 Desemba 1785, jioni, katika nyumba yake ya Park Street, mlango umefungwa, mchungaji wa Kianglikana aitwaye Robert Burt aliwafungisha ndoa. Inasimuliwa kwamba mchungaji huyo alikuwa amefungwa jela kwa deni, na madeni yake, kama pauni 500, yakalipwa ili aje. Mashahidi walikuwa mjomba wake Maria na kaka yake. Matangazo hayakuwapo, kibali hakikuwapo. George akaandika cheti kwa mkono wake mwenyewe, akampa mkewe akitunze.

Hapo mtaniuliza: hiyo ilikuwa ndoa? Tena mbele ya mchungaji Mprotestanti? Nami niliuliza. Mjue kwamba Mtaguso wa Trento uliagiza ndoa zifungwe mbele ya paroko, lakini agizo lile lilikuwa na nguvu mahali lilipotangazwa tu, na Uingereza halikutangazwa. Huko ilibaki kanuni ya kale: wanaofunga ndoa ni bibi na bwana wenyewe kwa kukubaliana kwao. Kwa hiyo mbele ya Kanisa Maria alikuwa mke. Mbele ya serikali hakuwa kitu.

Na serikali haikuchelewa kusema. Mwaka wa 1787 George alitaka Bunge limlipie madeni yake. Wabunge wakanong'ona kuhusu mwanamke Mkatoliki. Rafiki yake George, Charles James Fox, akasimama Bungeni akasema ndoa hiyo haikuwapo kabisa, na kwamba anasema kwa idhini ya mwenyewe. Bunge likatoa pauni 161,000 za madeni. Maria akakatwa jina lake mbele ya nchi nzima, na aliyeuza jina hilo alikuwa mumewe. Fox hakumsalimu tena kwa miaka mingi. Mume alimsamehe.

Niruhusuni nitoke kidogo kando. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alikaa katika kiti kile kile ambacho mama wa kitabu alikikalia. Alikuwa akiishi na binti, mtoto yuko njiani, nami nikamwomba aje waandikishwe, wapewe mafundisho, watangazwe. Akaniambia, “Karani, Mungu ametuona, inatosha. Karatasi ni ya ninyi wa ofisi.” Nilikuwa mgeni katika kazi, maneno yake yakanishinda, na nilidhani yana imani ndani yake. Baada ya mwaka mmoja na nusu matangazo yake yalisomwa katika kanisa jingine, na binti mwingine. Yule wa kwanza alikuja kwangu na mtoto mgongoni kumwandikisha ubatizo. Nilipofika mahali pa jina la baba, kalamu yangu ilisimama. Hakulia. Alisema tu, “Andika unavyoruhusiwa kuandika, mwalimu.” Nimesoma habari za Bibi Fitzherbert, na kila nilipofungua ukurasa niliisikia sauti hiyo.

Turudi Uingereza. Madeni yakapanda tena, safari hii zaidi ya pauni 600,000, na baba mfalme akasema: oa binti wa kifalme, Bunge litalipa. Mwaka wa 1794 Maria akapata barua ya kuachwa. Aprili 1795 George akamwoa binamu yake Caroline wa Brunswick, kanisani, mbele ya askofu mkuu, na husemwa kwamba bwana harusi alikuwa amelewa. Januari 1796 akazaliwa mtoto wao Charlotte. Siku tatu baada ya kuzaliwa kwake, George, akidhani anakufa, aliandika wosia. Mali yake yote alimwachia Maria, akimwita mke wake. Na kwa yule aliyemwoa mbele ya taifa akaacha shilingi moja.

Hakufa. Akapona, akaanza kumwomba Maria arudi. Sasa mngefanya nini ninyi? Maria hakuuliza mashoga zake. Alimtuma padre, William Nassau, Roma kuuliza: mimi ni mke wa mtu huyu, au siye? Roma yenyewe ilikuwa katika mateso, maana Baba Mtakatifu Pius VI alifariki Agosti 1799 akiwa mfungwa wa Wafaransa. Lakini jibu likaja mwaka wa 1800: ndoa ni halali. Basi akarudi kwa mumewe, wakaishi pamoja miaka kadhaa, zaidi Brighton karibu na bahari, na baadaye aliikumbuka miaka hiyo kuwa ya furaha.

Sasa tumefika mwaka wa 1811, mwanzo wa enzi ambayo vitabu vyote vya binti zetu vinaisimulia. George amekuwa mtawala. Tarehe 19 Juni akafanya karamu katika jumba lake la Carlton House, wageni kama 2,000. Katikati ya meza kuu palichongwa mfereji, maji yakapita, na samaki hai wakaogelea kati ya sahani. Zamani, penye karamu, Maria aliketi bila kuulizwa cheo. Safari hii aliuliza atakaa wapi, naye George mwenyewe akamwambia hana nafasi mezani pake. Kila mtu atakaa kwa cheo chake. Cheo cha mjane wa Bwana Fitzherbert hakikufika meza ya samaki. Maria hakwenda, wala hakuishi tena na mtu huyo. Hivyo wasomaji, dansi zile zote za kwenye hadithi, na mishumaa, na mabwana wenye buti, zilianza usiku ambao mke wa mwenye nyumba alibaki kwake.

Miaka 18 baadaye, Aprili 1829, mtu huyo huyo, sasa Mfalme George wa Nne, alitia sahihi, kwa kusitasita, sheria iliyowarudishia Wakatoliki haki ya kuingia Bungeni. Mwaka uliofuata akafa. Walipomzika alikuwa na picha ndogo ya Maria shingoni, kama alivyoagiza. Ndugu yake William, aliyerithi kiti, alikisoma kile cheti Maria alipomwonyesha, akamwambia avae nguo za mjane wa mfalme, akataka kumpa cheo kikubwa. Cheo Maria alikikataa, akasema jina la Fitzherbert linamtosha. Mwaka wa 1833 barua zao nyingi zilichomwa moto kwa mapatano, mbele ya Jemadari Wellington aliyemshinda Napoleon. Lakini makaratasi machache Maria aliyaokoa, cheti kikiwamo, yakafungwa kwa lakiri yakawekwa katika benki ya Coutts. Yalitolewa na kuchapishwa mwaka wa 1905. Majina ya mashahidi katika cheti yamekatwa kwa mkasi. Ndiye Maria aliyeyakata ili wale ndugu zake wasipate mashitaka. Ile sheria ya mwaka wa 1701 kuhusu kuoa Mkatoliki, na ile ya mwaka wa 1772, ziliondolewa na sheria ya mwaka wa 2013, iliyoanza kutumika mwaka wa 2015. Ila mfalme mwenyewe kuwa Mkatoliki bado haruhusiwi.

Maria alifariki Brighton mwezi Machi 1837, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambalo alilitolea fedha ya kujengwa. Juu ya kaburi lake wamechonga sanamu ya mwanamke aliyepiga magoti, mikono imeunganishwa kwa sala, na katika kidole cha mkono wa kushoto fundi amechonga pete tatu za ndoa: Weld, Fitzherbert, na ya tatu ambayo hakuruhusiwa kuisema.

Mama uliyenijia, kitabu nimekifunga kwa gazeti kuukuu, kimo katika saraka ya chini. Usije wewe, mtume binti aje akichukue mwenyewe. Nina swali dogo kwake, maana nimekisoma mpaka ukurasa wa mwisho na sikuona mahali ambapo yule bwana wa jaladani alisomewa matangazo, wala ni nani aliyeshika kalamu.